Nchi Baina ya Mito: Taarikhi ya Thika na Ruiru

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara ya kaskazini-mashariki, akiisha kuuacha mji nyuma yake, huvuka mto baada ya mto katika mwendo usiotimia kilomita 50: Ruiru kwanza, kisha Ndarugu, kisha Chania, na mwisho Thika yenyewe, yote ikiwa imeteremka kutoka milima ya Nyandarua na kujichimbia mabonde katika udongo mwekundu. Kwa kipimo cha mito mikubwa ya dunia hii ni midogo, na pengine haistahili kutajwa; walakini naamini kwamba hakuna jambo la maana lililotokea katika sehemu hiyo ya Kenya kwa muda wa zaidi ya karne moja, liwe la kilimo, la viwanda, la umeme au la ugomvi wa ardhi, ambalo laweza kuelezwa sawasawa bila ya kuanza na maji hayo.

Baina ya Ruiru na Thika upo mgongo wa ardhi ambao macho ya mpita njia hayautambui, lakini ndio ugawanyao maji ya mito miwili mikubwa ya nchi. Maji ya Ruiru na Ndarugu huingia Athi, nayo Athi, ikiisha kuanguka katika maporomoko ya Fourteen Falls karibu na mlima wa Ol Donyo Sabuk, ambao wengi huuita Kilimambogo, hugeuka kuelekea kusini-mashariki, hubadili jina ikaitwa Galana na kisha Sabaki, na humwagika baharini kaskazini ya Malindi. Maji ya Chania na Thika, yakiisha kuungana chini ya maporomoko mawili yaliyokaribiana, huifuata Tana hadi Kipini. Hivyo mvua iliyonyesha siku moja juu ya vijiji jirani hupishana njia hapo, na kukutana tena katika Bahari ya Hindi, baada ya kupita nchi kavu za Wakamba, za Waorma na za Wapokomo ambazo bila ya maji hayo zisingekalika kama zikalikavyo.

Miji yote miwili iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo milima inakoma na mbuga inaanza. Upande wa magharibi migongo ina udongo mwekundu wenye kina, nayo hupata mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei na za vuli kuanzia Oktoba hadi Disemba. Upande wa mashariki udongo ni mweusi, wa kunata wakati wa mvua na wa kupasuka wakati wa kiangazi, na mvua hupungua kwa kila hatua uendayo. Mpaka huo wa udongo ndio ulioamua kahawa ipandwe wapi na mkonge upandwe wapi. Zamani zake uliamua pia nani akae wapi, maana Wakikuyu walilima migongo kwa taratibu ya githaka, yaani ardhi ya ukoo, ilhali Wamaasai walilisha mbuga na Wakamba walifika kutoka mashariki kwa biashara, na baina yao kulikuwa na masoko, ndoa, mashambulizi na mapatano ambayo hayakuwangoja Wazungu waje kuyaandika.

Mwisho wa karne ya kumi na tisa ulileta misiba mfululizo. Sotoka iliwaua ng'ombe, kisha baina ya 1898 na 1900 njaa na ndui ziliwaua watu kwa wingi katika nchi ya Wakikuyu, na wengi wa waliosalia wakarudi nyuma kwa jamaa zao walioko juu zaidi milimani. Ilitokea kwamba wakati huohuo reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Nairobi, mwaka 1899, na wageni waliokuja kutafuta mashamba wakaona makonde yaliyoota magugu wakasema nchi haina mwenyewe. Sheria ya Ardhi za Mfalme ya mwaka 1902 ikawapa uwezo wa kuimiliki, na ile ya 1915 ikaongeza muda wa kukodi hadi miaka 999. Mambo mengi yaliyofuata yana chimbuko lake hapo. Maana ukoo uliokimbia ndui haukuwa umeuza chochote, na watoto wake waliporudi walikuta mipaka imekwisha chorwa, wakapewa ruhusa ya kukaa katika ardhi ya babu zao kwa sharti la kumfanyia kazi mgeni. Hao ndio walioitwa maskwota.

Njia yenyewe ilianza kama njia ya serikali. Francis Hall alijenga boma lake mwaka 1900 mahali palipokuja kuitwa Fort Hall, ambapo leo ni Murang'a, na barabara ya kutoka Nairobi kwenda huko ilivuka Chania na Thika. Mwaka 1908 nyumba ya wageni iitwayo Blue Posts ilifunguliwa baina ya maporomoko mawili, ili wasafiri wapate pa kulala na kunywa, nayo iko hadi leo. Winston Churchill alipita njia hiyo mwaka 1907, na mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikaa katika shamba la Juja la William Northrup McMillan, tajiri wa Kimarekani ambaye alikufa 1925 na kuzikwa juu ya Ol Donyo Sabuk. Watu wa namna hiyo wameandikwa sana, na simba wao wamehesabiwa mmoja mmoja. Mimi sina haja ya kuongeza, kwani walikuja kuwinda na kupumzika, ilhali habari ya mahali hapa ni habari ya kazi.

Kazi ya kwanza kubwa ilikuwa mkonge. Mmea huo ulifika Afrika ya Mashariki mwaka 1893, pale Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida na ikafika Tanganyika miche 62 tu yenye uhai; kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ulikuwa umekwisha kufika Kenya, ambako shamba la Punda Milia, upande wa Makuyu, la Swift na Rutherfoord, lilikuwa katika yale ya mwanzo kuupanda. Mkonge hauhitaji mvua nyingi, na kwa sababu hiyo ulifaa mbuga ya mashariki, lakini kinu chake kinahitaji maji mengi mno. Majani hukatwa kwa kisu, miiba ya ncha huondolewa, hufungwa mafungu, hupakiwa katika vigari vidogo vya reli ya shambani na kufikishwa kwenye korona, mashine ambayo hulisaga jani na kuliparuza hadi ibaki singa, huku maji yakimiminwa bila kukoma ili kuosha nyama ya jani, nayo hutoka kijani na yenye kunuka na kurudi mtoni. Katika uzito wa jani, singa haizidi sehemu chache katika mia. Mtu aliyefanya kazi hiyo aliwashwa ngozi kwa utomvu, na alilipwa kwa idadi ya mafungu, yakihesabiwa na mnyapara aliyekuwa na uwezo wa kuyakataa.

Mali nzito namna hiyo haikuweza kuchukuliwa kwa mikokoteni ya ng'ombe katika udongo mweusi wakati wa masika, na kelele za walowezi zilizaa njia ya reli kutoka Nairobi hadi Thika, iliyofunguliwa mwaka 1913 na ambayo katika hati za serikali iliitwa tramu. Kwa miaka kadhaa Thika ilikuwa kituo cha mwisho, na hali hiyo ndiyo iliyoifanya mji: bidhaa za Fort Hall, za Nyeri na za Embu zilishuka hapo kwa punda na kwa vichwa vya watu, maduka ya Wahindi yakajipanga kandokando ya stesheni, na makarani, mafundi na wachukuzi wakajenga vijumba vyao ng'ambo. Reli ilipoendelea kaskazini, ikafika Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930, Thika ilikuwa imekwisha kuota mizizi.

Ruiru nayo ilipata bahati nyingine, ambayo mara nyingi husahauliwa. Mwaka 1908, wakati Nairobi ilikuwa mji wa mabati na matope, umeme wake ulitoka katika maporomoko ya mto Ruiru, ambako kampuni ya Nairobi Power and Lighting Syndicate ilisimamisha mitambo ya kuendeshwa na maji na kuvuta nyaya hadi mjini. Mwaka 1925 kituo cha pili kikafunguliwa Ndula, katika mto Thika. Taa za Nairobi ziliwaka kwa nguvu ya mito hii miongo mingi kabla ya mabwawa makubwa ya Tana kujengwa, na nyaya zilipita juu ya vibanda vya wachumaji wa kahawa ambao walilala gizani. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu utaratibu huo, wa nguvu kutoka hapa na faida kuonekana kwingine, utajirudia.

Kahawa ndiyo iliyotawala migongo ya magharibi. Mapadri wa Kifaransa waliileta nchini katika miaka ya 1890, wakaipanda Bura katika nchi ya Wataita na kisha Nairobi, na kutoka hapo ikaenea Kiambu, Ruiru na Thika kwa kasi ambayo ilifanya vilima vyote, kabla ya Vita Kuu ya Pili, vionekane kijani kilekile. Kahawa, kama mkonge, ni mtumwa wa mto. Buni nyekundu ikichumwa lazima ifike kiwandani siku ileile, imenywe ganda kwa mashine ya maji, ilazwe katika birika ili utelezi wake uchachuke, ioshwe katika mifereji mirefu ya saruji ambamo wafanyakazi huisukuma kwa mbao, kisha ianikwe juu ya meza za waya na kugeuzwageuzwa hadi ikauke. Na palipo mashamba makubwa mia, palitakiwa viwanda vyenye maji ya mto mlangoni.

Mchumaji alilipwa kwa debe. Wanawake na watoto walishuka alfajiri kutoka migongo ya akiba iliyoachiwa Wakikuyu, vikapu viunoni, na jioni walipanga foleni mbele ya mizani huku buni za kijani zikichambuliwa na kutupwa, maana debe lenye buni mbichi halikuhesabiwa. Wanaume walivaa kipande, cheti cha kazi kilichowekwa katika kijikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni, ambacho tangu 1920 kila mwanamume wa Kiafrika aliyetoka akiba alilazimika kuwa nacho, na ambacho mwajiri alikitia sahihi au alikataa kukitia. Nao watu hao hao, waliojua kupogoa mbuni na kutambua ugonjwa wake kwa kugusa jani, walikatazwa kuupanda katika ardhi yao wenyewe, kwa visingizio vya wadudu na wizi. Katika miaka ya 1930 ruhusa ndogo ilitolewa kwa Wakisii na Wameru, walio mbali na mashamba ya walowezi. Kiambu na Murang'a ziliendelea kungoja hadi miaka ya 1950, wakati hali ya hatari ilikuwa imekwisha kutangazwa na mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954 ukaonekana ni dawa ya hasira za watu. Elspeth Huxley, ambaye wazazi wake walianza shamba karibu na Thika kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, aliandika kitabu mashuhuri cha utoto wake kilichochapishwa 1959 na kubeba jina la mji huo. Wasomaji wengi wa Uingereza hawaijui Thika nyingine isipokuwa hiyo. Ni kitabu kizuri, lakini hesabu ya debe haimo kwa namna ambayo mchumaji angeihesabu.

Elimu ya kahawa pia ilifanya makao yake Ruiru. Mwaka 1944 kituo cha utafiti kilianzishwa huko, na kazi yake kubwa kuliko zote ilitokana na balaa. Ugonjwa wa chulebuni, ambao huiozesha buni ingali changa juu ya tawi, ulitambuliwa mara ya kwanza duniani hapa Kenya mwaka 1922, na katika mvua kubwa za mwishoni mwa miaka ya 1960 ulifagia mashamba hata wenye uwezo wa kunyunyiza dawa za mrututu mara kwa mara wakapata hasara, seuze mkulima mdogo mwenye mibuni mia mbili na bomba moja la kuazima. Mwaka 1971 wataalamu wa Ruiru walianza kutafuta mbuni ambao ungejikinga wenyewe. Waliziunganisha damu za kahawa kutoka sehemu nyingi: SL28 na SL34 za Kenya kwa ladha, Rume Sudan na mahuluti ya Timor kwa nguvu ya kuzuia ugonjwa, na kwa upande wa mama aina fupi iitwayo Catimor, iliyoletwa kutoka Colombia.

Mwaka 1985 aina mpya ilitolewa kwa wakulima, ikaitwa Ruiru 11. Uzuri wake ulikuwa kwamba haiugui chulebuni wala kutu ya majani kama nyingine, kimo chake ni kifupi hata mibuni mingi huingia katika ekari moja, na huanza kuzaa mapema. Taabu yake ilikuwa katika mbegu. Kwa kuwa ni mahuluti, mbegu yake haipatikani kwa kuokota buni chini ya mti; hupatikana kwa mkono wa binadamu. Wakati mibuni mama inapochipua maua, mfanyakazi hupita tawi kwa tawi akiwa na kibano au mkasi mdogo, hufungua ua kabla halijafunguka lenyewe, huondoa sehemu zake za kiume, hupaka chavua iliyotoka kwa mti baba, kisha hulifunika tawi kwa mfuko ili upepo na nyuki wasiingilie. Na maua ya kahawa hukaa wazi siku chache tu baada ya mvua, hata watu wengi hukodiwa kwa kazi ya muda mfupi, wengi wao wanawake wenye vidole vyepesi. Kila mche wa Ruiru 11 uliotoka katika mbegu, popote ulipo, ulianza na mkono wa mtu aliyesimama chini ya jua la Ruiru. Wanunuzi wengine walilalamika juu ya ladha yake, na mwaka 2010 kituo hichohicho kilitoa aina ya Batian. Lakini kwangu mimi ile kazi ya kibano na mfuko ni miongoni mwa mambo ya kujivunia yaliyofanyika katika nchi hii, na yafaa watoto wa shule wafundishwe kabla ya kufundishwa habari za wawindaji.

Thika ilichukua njia ya viwanda. Kilichovutia mwanzoni kilikuwa mazao ya jirani: magome ya miwati yaliyosagwa kwa dawa ya kutengenezea ngozi, na ngozi zenyewe, na singa za mkonge. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilianzishwa Kenya Canners, kampuni ya kutia mananasi katika makopo, na kiwanda cha kutengeneza makopo cha Metal Box kikasimama hapohapo. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Kimarekani ya Del Monte ikaichukua Kenya Canners, na tangu hapo mananasi yalienea upande wa mashariki wa mji, katika maelfu ya hekta. Mwanzoni wakulima wadogo waliuza mananasi yao kiwandani. Baadaye kampuni iliona nafuu kulima yenyewe, nao wakaachwa. Hilo nalihesabu kuwa fursa iliyopotea, kwa kuwa serikali ya nchi huru ilikuwa na uwezo wa kuweka sharti la kununua kwa watu.

Baada ya uhuru mji ulipata vinu vya nguo, kiwanda cha kuunganisha magari cha Leyland kilichoanzishwa 1974, viwanda vya madawa ya viwandani, vya karatasi na vya mafuta, na ukaitwa Birmingham ya Kenya na watu waliotaka kuusifu. Vinu vya nguo ndivyo vilivyoajiri watu wengi, navyo ndivyo vilivyoumia zaidi pale milango ya biashara ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na marobota ya mitumba yakaingia kwa bei ambayo kinu chenye kulipa umeme, pamba na mishahara hakikuweza kushindana nayo. Katika mitaa ya Makongeni na Kiandutu zilikuwako nyumba ambazo baba na mama walifanya zamu mbili tofauti katika mashine moja, na kazi zote mbili zikakatika. Viwanda vingine vilishika nafasi, Bidco kwa mafuta ya kupikia huko Thika na Brookside kwa maziwa huko Ruiru mwaka 1993, lakini mashine za siku hizi hazihitaji mikono mingi kama zile za kusokota.

Kahawa nayo ilipigwa kutoka mbali. Jalidi ya Brazil ya Julai 1975 ilipandisha bei hata mwaka 1976 na 1977 wakulima wa Kiambu wakajenga nyumba za mawe na kulipa karo za miaka. Na kuvunjika kwa mapatano ya kahawa ya dunia mwezi Julai 1989 kukaishusha bei hata wengine wakang'oa mibuni au wakaiacha ikafunikwa na magugu. Hapo ndipo ardhi yenyewe ilipoanza kuwa zao. Mashamba makubwa ya Ruiru yaligawanywa ploti, mengine na kampuni za watu waliochangishana kununua ardhi tangu miaka ya 1970, mengine na matajiri. Tatu City, mji mpya wa ekari 5,000, uko juu ya ardhi iliyokuwa ya kahawa. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba 2012, ilikamilisha kazi hiyo, kwani mtu aliweza kulala Ruiru na kufanya kazi Nairobi bila ya kupoteza nusu ya siku katika matatu. Hesabu ya watu ya 2009 iliikuta Ruiru na watu 238,858. Ile ya 2019 iliikuta na 490,120, karibu maradufu ya Thika, ambayo ilikuwa na 251,407 na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo kaka mkubwa.

Watu hao wanakunywa nini ni swali lisiloepukika. Bwawa la Ruiru, lililojengwa karibu na 1950, lilikuwa la Nairobi. Na bwawa la Ndakaini katika mto Thika, lililokamilika 1994 likiwa na uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, ndilo hadi leo linaloipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake, kwa mabomba yanayoteremka kupita jirani na watu wanaonunua maji kwa mtungi au kuchimba visima vya kina kirefu katika ploti zao. Bwawa la Karimenu, katika kijito cha Chania huko Gatundu, lililozinduliwa 2022, limepangiwa kuwanywesha watu wa Gatundu, wa Juja na wa Ruiru, na sehemu ya maji yake kupelekwa Nairobi. Na wenye nyumba mpya katika yaliyokuwa mashamba ya kahawa ya Ruiru wanafungua mifereji yao kila asubuhi kutazama kama zamu yao imefika.